Kitanda cha Ishirini na Tatu

Mwalimu wa masomo ya jioni alikuwa na tabia ya kuandika ubaoni bila kusema neno, kisha kugeuka na kuwatazama wanafunzi wake, watu wazima wote, mpaka mmoja aone haya na kujibu. Jioni ile aliandika 11. Akaandika 13. Halafu 17, 23 na 31.

"Hapa kuna nini?" aliuliza.

"Nauli hiyo," alisema Dereva kutoka nyuma. "Inapanda kila ukigeuka."

Darasa lilicheka. Dobi hakucheka. Alikaa dawati la mbele kabisa, kwa sababu miaka ya kuinamia mvuke wa pasi ilikuwa imempunguzia macho, na kwa sababu alikuwa na hamu. Juma lililotangulia Mwalimu alikuwa amewafundisha namba tasa, zile zisizogawanyika sawasawa ila kwa moja na kwa zenyewe. Neno lenyewe lilimchoma kidogo, maana hakujaliwa mtoto na aliwahi kuitwa hivyo na watu aliowapikia chakula. Lakini kazini, mbele ya marundo ya nguo, alizipenda namba hizo. Mashati kumi na mawili unaweza kuyapanga mawili mawili, matatu matatu, manne manne, lisibaki hata moja. Yakiwa kumi na matatu, panga utakavyo, shati moja litakubakia mkononi.

Aliinua mkono. "Zinapanda kwa mbili, halafu nne, halafu sita, halafu nane. Na zote ni tasa."

"Inayofuata?"

"Ongeza kumi. Arobaini na moja." Aliyapanga mashati kichwani. "Tasa."

"Inayofuata?"

"Hamsini na tatu. Tasa pia! Mwalimu, basi zina utaratibu!"

Mwalimu alitabasamu, akafungua mdomo, na umeme ukakatika. Viti vilianza kukwaruza sakafu gizani. "Endeleeni wenyewe nyumbani," alisema kwa sauti ya juu. "Mtaniambia mmefika wapi. Ila msiiamini mapema, jamani..." Yaliyobaki yalimezwa na kelele za watu wanaotafuta mikoba yao.

Dobi alirudi nyumbani akimshukuru Mungu njia nzima. Alikuwa ameacha shule akiwa msichana, mama yao alipofariki na kumwachia kaka mdogo wa kunyonya. Alimlea kwa uji na kwa sala mpaka akawa mtu mzima, kinyozi hodari, mwenye maneno mengi kuliko nywele anazokata. Sasa yeye amerudi darasani, na Mungu amemfunulia kwamba hata zile namba zisizo na wenza zimepangwa mstari. Jambo moja tu lilimtia doa katika furaha ile. Kinyozi alikuwa amelazwa hospitali, mapafu yote mawili yamejaa maji.

Wodi ya wanaume ilikuwa chumba kirefu chenye safu mbili za vitanda. Namba zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi ukutani, juu ya kichwa cha kila mgonjwa. Upande mmoja, kwenye ukuta mtupu, zilikuwa namba witiri, moja, tatu, tano, mpaka mwisho. Upande wa pili, chini ya madirisha, zilikuwa shufwa, mbili, nne, sita. Nyuma ya vitanda vya ukutani mlitokeza vibomba vya shaba, na kila kibomba kilining'iniza kichupa cha maji yaliyokuwa yakitoa mapovu mchana kutwa. Ukinyamaza, ungedhani kuna watu wanaonong'ona ndani ya ukuta.

Kinyozi alikuwa kitanda cha ishirini na tatu, mrija umemwingia puani.

"Dada," alisema akihema, "wamenifunga kamba kama mbuzi."

"Nyamaza upumue."

"Nikinyamaza watadhani nimekufa."

"Usinitajie hilo neno!"

Mbele yake, kitanda cha ishirini na mbili, alilala mzee aliyekumbatia redio aliyokatazwa kuiwasha. Wote walimwita Mzee wa Redio. Kwa kuwa hakuwa na taarifa za kusikiliza, alizitoa yeye.

"Wa kumi na moja ameondoka leo asubuhi," alimwambia Dobi.

"Ameruhusiwa? Mungu ni mwema."

"Ameondoka, mwanangu." Mzee alielekeza macho juu.

Dobi aliomba kimoyomoyo kwa ajili ya marehemu, akaendelea kumlisha kaka yake. Hakuwaza kitu. Baadaye, akija tena, alisikia gurudumu likilia mwanzoni mwa wodi. Lilikuwa la pazia lile la magurudumu wanalomzungushia mgonjwa wakati wenzake hawapaswi kuona. Kila lilipolia, wodi nzima ilinyamaza. Safari hii lilisimama kwenye kitanda cha kumi na tatu. Dobi alihisi ubaridi mwembamba shingoni, akajiambia ni upepo wa dirishani.

Halafu likasimama kwenye kitanda cha kumi na saba.

Kijiko kilimponyoka. Kumi na moja. Kumi na tatu. Kumi na saba. Aliinua macho taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mnyama, akaitazama namba iliyo juu ya kichwa cha kaka yake.

"Dada, vipi? Umeona chawa?"

"Hapana."

"Mbona uso umekuwa hivyo?"

"Kula," alisema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

Siku iliyofuata aliunguza shati la mteja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu aanze kazi. Moshi ulipanda, naye akabaki ameshika pasi, akiitazama ile alama ya kahawia ikipanuka. Alipiga magoti palepale katikati ya vikapu. "Ee Mwenyezi Mungu, kwa nini umenionyesha? Kama hutaki nifanye kitu, kwa nini umenifundisha kuhesabu uzeeni?" Hakuthubutu kumwambia mtu. Aliogopa kwamba akilitamka litasogea karibu zaidi. Kila alipofumba macho aliona mkono wa Mwalimu ukiandika ubaoni, kumi na saba, halafu chaki ikishuka kuianza ile mbili.

Alifika hospitali alasiri na kukuta mambo mawili. Kitanda cha ishirini na nne, chini ya dirisha, kilikuwa kitupu. Mwenyewe ameruhusiwa kwenda nyumbani, godoro limekwisha kutandikwa shuka safi. La pili, Kinyozi hakuwa na mrija. Ulining'inia ukutani, umefungwa.

"Daktari kasema nijaribu bila kamba," alisema Kinyozi. Alikuwa bado anahema, lakini alitabasamu. "Nikilala vizuri leo, kesho watafikiria kuniruhusu."

Dobi aliliona jibu la sala zake. Ishirini na nne! Mashati ishirini na manne unayapanga mawili mawili, matatu matatu, manne manne, sita sita, nane nane, kumi na mawili kumi na mawili. Ni namba yenye ndugu kila upande. Kifo kikija kufuata mstari wake kitakuta ishirini na tatu haina mtu.

"Inuka," alinong'ona. "Nakuhamisha."

"Sista kasema?"

"Pale kuna dirisha. Kuna hewa."

"Sista kasema, au dada kasema?"

"Mimi ndiye niliyekulisha ukiwa huna jino. Inuka, mdogo wangu, nakusihi."

Kinyozi alimtazama sana. Alikuwa amezoea dada anayetoa amri. Dada anayesihi hakumjua. Akashusha miguu.

Ulikuwa wakati wa kupokezana zamu. Wauguzi wote walikuwa mwisho wa wodi, wameizunguka meza yao, migongo imeelekea wagonjwa. Kutoka ukutani mpaka dirishani ilikuwa hatua chache tu, lakini Kinyozi alisimama katikati kuvuta pumzi, ameegemea bega la dada yake, na uzito wake ulimtisha Dobi, maana ulikuwa mdogo mno. Alimlaza, akamfunika. Kwa kuwa alikuwa mtu makini, alirudi akalichukua na faili lake lililoning'inia miguuni pa kitanda, akaliangika kwenye kitanda kipya, dawa zisije zikapotea.

"Mzee," alimwambia Mzee wa Redio, "hukuona kitu."

"Mimi redio yangu imezimwa, mwanangu," alijibu mzee.

Dobi aliweka kiganja juu ya ile 24 ukutani, akamshukuru Mungu, akaenda darasani.

Alifika mapema. Mwalimu alikuwa akifuta ubao, na Dereva, ambaye kazi yake ni lori la mchanga, alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati. Dobi alikuwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Akaona sasa anaweza kusema.

"Mwalimu, ule mstari ni wa kweli. Nimeuona hospitali." Akasimulia yote, kitanda cha kumi na moja, cha kumi na tatu, cha kumi na saba, na jinsi alivyomtoa kaka yake kwenye cha ishirini na tatu.

Mwalimu hakucheka. Alichukua chaki. "Tumalizie kwanza. Hamsini na tatu. Ongeza kumi na nne."

"Sitini na saba. Tasa."

"Ongeza kumi na sita, halafu kumi na nane."

"Themanini na tatu. Mia na moja." Alizipanga. "Tasa zote."

"Ongeza ishirini."

"Mia ishirini na moja." Alijaribu mawili mawili, matatu, matano, saba. Kisha akajaribu kumi na moja. Mafungu kumi na moja ya mashati kumi na moja. Hakubaki na shati.

"Inagawanyika," alisema.

"Mstari umefia hapo. Ni mstari mzuri, unakwenda vizuri, halafu unakatika. Ndivyo zilivyo hizi namba, mama. Zinakupa utaratibu kidogo upate kuziamini, kisha zinakugeuka. Na hata huku mwanzoni, kumi na tisa iko wapi? Ni tasa, mstari umeiruka. Ishirini na tisa nayo imerukwa. Nilitaka kuwaambia siku ile, umeme ukakatika." Aliweka chaki chini. "Sasa niambie. Kitanda cha kumi na tano, aliye pale hajambo?"

Dobi alifungua mdomo. Kitanda cha kumi na tano. Alikumbuka godoro limesimamishwa, likipigwa dawa, na mwanamke mmoja ameketi sakafuni mlangoni akiwa ameshika jozi ya viatu vya kiume.

"Alifariki," alisema polepole. "Huyo... huyo sikumhesabu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kumi na tano inagawanyika."

Aliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake aliona aibu kubwa. Mtu mzima alikuwa amekufa, mkewe akikumbatia viatu, na yeye hakumweka katika hesabu kwa kuwa hakukaa sawa.

"Na upande wa dirishani," Mwalimu aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa ya wasiwasi, "kuna aliyefariki?"

"Hakuna. Wote witiri. Wote upande wa ukuta."

"Huo ukuta una nini, mama?"

Aliyasikia kabla hajajibu, yale mapovu ndani ya vichupa, yakinong'ona. Vibomba. Hewa ya oksijeni. Wanaokaribia kufa hulazwa ukutani kwa sababu ndiko iliko hewa, na kwa hiyo huko ndiko wanakofia. Naye amemchukua kaka yake, aliyetolewa mrija leo hii kwa majaribio, akampeleka upande usio na kibomba hata kimoja.

Dereva alikuwa amekwisha kuinuka, hana tena mzaha. "Lori liko nje. Twende."

Njiani Dobi alijaribu kusali, lakini sala ilikatika kila ilipoanza, kama nyuzi mbovu. Alibaki na neno moja tu, "Usimchukue, usimchukue."

Geti la hospitali lilikuwa limefungwa. "Saa za kuona wagonjwa zimekwisha, mama," alisema mlinzi bila kuinuka kwenye kiti.

"Nifungulie, baba yangu."

"Kila mtu ana mgonjwa wake humu. Kesho."

"Hakuna kesho. Nimemuua ndugu yangu. Hajafa bado, lakini nimemuua."

Mlinzi alimtazama usoni, akatafuta ufunguo.

Kutoka mlangoni aliisikia redio. Mzee alikuwa ameiwasha kwa sauti ya juu kabisa, muziki unakwaruza wodi nzima, na muuguzi wa zamu mpya, dada mrefu ambaye, kama wenzake, aliitwa Sista, alikuwa akimjia kwa hasira.

"Zima hiyo!"

"Nimekuita hunisikii!" mzee alifoka. "Mwangalie huyu wa pembeni yangu!"

Kinyozi alikuwa ameketi, mikono ameibana magotini, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi kuwa ya jivu. Macho yake yalimwona dada yake, yakamng'ang'ania. Hakuwa na neno hata moja. Yeye, Kinyozi, hakuwa na neno.

Sista alimbana kidoleni kile kidude kinachosoma hewa iliyomo katika damu. Kilionyesha 83. Alikunja uso. "Huyu ni wa dirishani, anasubiri kwenda nyumbani. Imekuwaje?"

"Ni wa ishirini na tatu," Dobi alisema. "Nimemhamisha mimi."

"Wewe!" Sista hakupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Sisi tukipokea zamu tunaanzia ukutani, mama. Mgonjwa akiwa dirishani tunajua amevuka. Sijamgusa huyu tangu niingie."

Dobi aligeuka kukitazama kitanda cha ishirini na tatu. Kijana asiyemjua alikuwa amelala pale, ameletwa jioni ile kutoka kwenye ajali, mrija puani, kichupa kinachemka mapovu. Cha ishirini na moja kina mtu. Cha kumi na tisa kina mtu. Cha ishirini na tano kina mtu.

"Nafasi moja tu iko wazi, kitanda chake kimepelekwa kuoshwa," alisema Sista, akikanyaga breki za magurudumu. "Tutasogeza kitanda chote. Shika hapo chini. Tunampeleka kumi na saba."

Mikono ya Dobi iligoma. Alikuwa ameliona lile pazia limekizunguka kitanda kile. Alikuwa amewaona wakilitoa shuka. Hesabu ilikuwa imekufa ubaoni, ameiua Mwalimu mbele ya macho yake, na bado hofu ilikuwa nzima mwilini, haijasikia habari hizo.

"Mama! Sukuma!"

Akasukuma. Gurudumu lililia, na wodi nzima ikanyamaza kama kawaida yake, wagonjwa wakageuza nyuso zao. Alimsukuma kaka yake kwa mikono yake mwenyewe mpaka chini ya ile namba nyeusi. "Mungu wangu," alisema kwa sauti, "sijui mpango wako. Nilidhani naujua. Sijui."

Sista alifungua kibomba. Hewa ilipiga mluzi, mapovu yakaanza. Mrija ukaingia. Wakasubiri, Sista ameshika kidole cha Kinyozi, Dobi ameshika mguu wake juu ya blanketi. Mguu ulikuwa wa baridi.

"Ngapi?" aliuliza Dobi.

"Themanini na tano. Usiniulize kila saa."

Mwanzoni mabega yaliendelea kupanda vilevile. Kisha Dobi akaona, au akadhani anaona, kwamba yanapanda kidogo kuliko kwanza.

"Themanini na tisa," alisema Sista bila kuulizwa.

Tasa, kichwa kilisema chenyewe.

"Tisini na moja."

Tisini na moja. Si mawili mawili, si matatu, si matano... Aligundua anaigawa, akajizuia, halafu ikamjia bila kuiita, saba mara kumi na tatu. Inagawanyika! Alifurahi kama mtoto, na papo hapo akajionea haya. Yuko hapa, ameshika mguu wa ndugu yake, bado anatafuta mstari.

Kinyozi alifungua jicho moja. Alisogeza midomo, na Dobi akainama.

"Profesa," alinong'ona. "Unahesabu... nini tena?"

"Sihesabu kitu."

"Muongo." Akafumba jicho, na kifua kikaendelea kupanda.

Sista aliketi ukingoni mwa kitanda kwa mara ya kwanza. Hasira ilikuwa bado usoni mwake, lakini mkono ulikuwa laini. "Hajavuka, mama. Nisikudanganye. Usiku huu ndio wenye maneno. Imefika tisini na mbili. Ikifika tisini na saba na kukaa hapo, mimi mwenyewe nitakuambia nenda kalale."

Dobi aliijua tisini na saba. Aliipanga mashati bila kutaka, mawili, matatu, matano, saba, na kila fungu lilibakiza shati mkononi. Ilikuwa tasa, tena ya mwisho kabla ya mia.

Alipiga magoti kwenye saruji, kati ya kitanda cha kumi na saba na cha kumi na tano, akafumba macho asione kile kidude kinaonyesha nini. Mapovu yalinong'ona ukutani. Kwanza alimwombea yule wa kumi na tano, ambaye hakumhesabu, na mkewe mwenye viatu. Kisha akaiomba ile namba, kwa jina lake.

"Tisini na saba, Bwana. Tafadhali. Tisini na saba."